Kioo cha Oili

Chiriku hakuwa na kaka wala dada. Hakuwa na saa ya mkononi. Hakuwa na koti la mvua, wala kitanda cha peke yake, maana alilala na shangazi yake aliyekoroma kama mashine ya kusaga. Mama hakuwa naye pia. Alimjua kwa picha moja tu iliyotundikwa ukutani. Maneno ndiyo hayakumpungukia. Alianza kuongea akifumbua macho, na kwa sababu hiyo mtaa mzima ulimpa jina hilo. Lakini kitu alichokikosa kuliko vyote ni subira, na hicho hakuna aliyemwambia.

Baba yake alisafirisha vipimo. Alizunguka zahanati za mbali kukusanya chupa za damu za wagonjwa, akazikimbiza hospitali kuu kabla hazijaharibika. Pikipiki yake ya zamani ilipochoka kabisa, alinunua mpya, kubwa, ya safari ndefu, yenye tangi nono na masanduku mawili ubavuni. Shangazi aliizunguka, akashika kiuno.

"Hii inataka chumba chake," alisema. "Nani kati yetu atahama?"

Fundi wa duka, kijana mrefu aliyeinama kila alipoongea na watu, ndiye aliyeileta nyumbani.

"Mzee, injini mpya ina kiu," alimwambia baba. "Vyuma vyake vya ndani bado havijazoeana, kwa hiyo itakunywa oili. Mwanzoni usiikimbize sana, wala usiende mwendo mmoja kutwa nzima. Na oili iangalieni kila asubuhi, pikipiki ikiwa imesimama wima. Ikilala upande, kioo kitawadanganya."

"Mimi nitaangalia!" Chiriku alidakia.

"Umesikia?" baba alicheka. "Nimepata mkaguzi."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Baba aliwasha injini ikapata joto, akaizima, akaingia ndani kunywa chai huku oili ikishuka taratibu. Baadaye Chiriku alimwita, naye akaikalia pikipiki na kuisimamisha wima. Chiriku alichutama upande wa kushoto, penye kioo kidogo cha duara kwenye ubavu wa injini. Oili ilipoonekana kati ya mistari miwili, safari njema. Iliposhuka chini ya mstari, baba aliongeza kidogo. Na kweli iliongezwa mara kadhaa, mpaka shangazi akauliza kama mnyama huyo hanywi maji kama wenzake.

Kisha mvua zikaanza. Asubuhi zikawa za baridi, uani matope tupu, na Chiriku aliona uchungu kungoja nje bila koti. Siku moja hakumwita baba. Aliangalia kioo pikipiki ikiwa imeegemea stendi yake ya pembeni, imelala kushoto. Oili yote ilikuwa imekimbilia upande huo, na kioo kilijaa hadi juu.

"Imejaa, baba! Usisumbuke, shangazi amenishikia ikasimama wima."

Shangazi alikuwa jikoni, anapuliza moto. Hakusikia lolote.

Uongo huo ulipita bila kelele, na kesho yake ukawa mwepesi zaidi. Chiriku alijua fika kwamba oili haizaliani ndani ya injini. Alijua kwa nini kioo kinajaa. Lakini pikipiki iliwaka vizuri kila siku, akajiambia kwamba kiu imekwisha. Mwishowe hata kuchutama aliacha. Asubuhi ya mwisho baba aliuliza, "Mkaguzi, vipi?" naye akajibu akiwa mlangoni, mkate mdomoni, "Iko sawa."

Jioni baba hakurudi. Aliletwa kesho yake, mkono wa kulia ukiwa kwenye plasta na uso umechubuka upande mmoja. Kwenye mteremko, katikati ya mvua, taa nyekundu ya oili iliwaka, na kabla hajapunguza mwendo injini ilinoki, ikakwama ghafla, gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka, akatupwa mtaroni. Chupa zote zilivunjika. Wagonjwa wa zahanati mbili, watoto wachanga miongoni mwao, walilazimika kuchomwa sindano upya na kuanza kungoja majibu upya.

Nyumba iliingia baridi. Hata shangazi aliacha utani. Chiriku aliongea pale tu alipoulizwa, na watu wakasema, maskini, amemhurumia baba yake.

Haikupita wiki, fundi akabisha hodi. Alikuwa amelowa, na safari hii hakuvaa sare ya duka.

"Pole, mzee," alisema. "Nimefika kukujulia hali. Na pia... tajiri amenisimamisha kazi. Anasema umempigia simu, ukamwambia niliileta pikipiki ina oili pungufu."

"Injini ilikutwa kavu, kijana."

"Nilitia mwenyewe, mzee. Niangalie usoni. Huenda ilikunywa, na hapa nyumbani haikuongezwa."

Baba alinyanyuka nusu, maumivu yakamrudisha kitini. "Binti yangu aliangalia kila asubuhi. Unataka kusema mwanangu ni mwongo?"

Chiriku alikuwa amesimama na kikombe cha chai cha mgeni. Chai ilimwagika kwenye kisahani.

"Hapana, mzee," fundi alijibu, akiinama zaidi. "Siwezi kusema hivyo kwa mtoto wa mtu." Akaaga bila kunywa.

Usiku ule Chiriku alisikia mikoromo yote ya shangazi, hakukosa hata mmoja. Asubuhi baba alimwita mezani.

"Mkono wangu haufai. Tajiri anataka malalamiko yangu kwa maandishi, ndipo amfukuze yule kijana moja kwa moja. Shika kalamu. Andika: 'Binti yangu aliangalia oili kila asubuhi, na kila asubuhi ilikuwa imejaa.'"

Chiriku aliandika "Binti yangu". Kalamu ikagoma.

"Andika, mama."

"Baba, si kweli."

"Nini si kweli?"

"Sikuangalia. Mwanzo niliangalia imelala, baadaye sikuangalia kabisa. Fundi hana kosa. Unga wake umemwagika kwa ajili yangu."

"Si ulisema shangazi yako alikushikia?"

"Mimi?" shangazi aliitikia kutoka jikoni. "Sijawahi kuligusa hilo lichuma hata kwa kidole!"

Baba hakumpiga, wala hakupaza sauti. Alitazama mvua dirishani kwa muda mrefu, mpaka Chiriku akatamani apigwe yaishe.

"Mkono utaunga," baba alisema hatimaye. "Injini itafunguliwa, nayo itazoeshwa upya. Kinachoniuma ni kwamba nilimfokea mtu mwema, na nilikuwa na uhakika. Uhakika wangu ulikuwa wewe. Mtu akikuamini, Chiriku, haulizi mara ya pili. Kwa hiyo ukimdanganya huyo, umewadanganya na wote atakaokwenda kuwaambia. Na mimi nina langu: pikipiki ni yangu, safari ni yangu, nilipaswa kuinama nikaangalia mwenyewe."

Alimpigia tajiri simu pale pale, akaeleza yote bila kujifichaficha. Tajiri alisikiliza, kisha akajibu kwamba fundi atarudi kazini siku atakapopata maneno hayo kwa maandishi, yenye sahihi, maana simu husahaulika.

"Basi tuandike," baba alisema. "Sasa maneno ni yako. Mimi nitatia sahihi kwa kushoto."

Chiriku aliandika polepole. Machozi yaliharibu karatasi ya kwanza, akachukua nyingine. Aliandika alichokifanya, akamwomba fundi msamaha, na baba akaongeza ombi lake mwenyewe kwa kijana yule. Sahihi ya mkono wa kushoto ilitambaa kama njia ya konokono.

Shangazi alimfunika Chiriku kwa khanga yake, wakatoka pamoja kwenye mvua, bahasha ikiwa kifuani chini ya nguo. Barazani mwa posta Chiriku alibandika stempu, akalamba gundi, akakandamiza kifuniko kwa kidole gumba kutoka pembe hadi pembe. Aliishikilia bahasha kwenye mdomo wa sanduku kwa muda.

Kisha akaiachia, ikaanguka ndani.