Ngozi ya Ng'ombe wa Mafisa

Namakau alikuwa amelazwa uani juu ya shuka. Shingo ilikuwa imevimba hadi kidevuni, na shavuni palikuwa na kidonda cheusi kama kaa lililozimika. Miaka sita. Alikata roho alfajiri bila kukilalamikia kidonda, maana kidonda kile hakiumi. Hapo ndipo kinapotudanganya sisi wazazi.

Inspekta Mufalali alivua kofia. Marehemu alikuwa binti wa mjomba wake Sitali, mchunga ng'ombe wa hapo kijijini Liangati.

"Kimeta," alisema nesi Mwangala. "Juzi nilipeleka majimaji ya kidonda. Maabara wakatia rangi, wakaona vijiti vya zambarau vimeungana kama pingili za muwa. Bakteria wa gram chanya, wanaoshika rangi hiyo. Sasa, afande, mtoto amekipata wapi? Ng'ombe kumi na mmoja waliokufa walizikwa wote, chokaa juu."

"Natoka shimoni sasa hivi. Limefukuliwa. Mzoga mmoja umechunwa, nyama haikuguswa."

"Nyama imeachwa? Na njaa hii?"

"Ngozi tu ndiyo iliyoibwa."

"Basi itafute upesi. Mbegu za mdudu huyu hukaa kwenye ngozi miaka na miaka. Na humo ndani kuna mtoto mwingine, bado ananyonya."

Kijiji kizima, mtu wa ngozi alikuwa mmoja: Liswaniso, mtengeneza ngoma.

"Ngozi umeiweka wapi?"

"Ipi? Ninazo nne, zote za mbuzi."

"Ya ng'ombe wa shimoni."

Liswaniso alicheka puani. "Ngoma ya ngozi iliyolala kwenye chokaa, afande? Ukiipiga itapiga chafya."

"Usinichezee."

"Sichezi. Mji umekulevya. Unauliza nani anataka ngozi. Uliza nani anadaiwa ngozi."

Jambo hilo Mufalali alilijua tangu utotoni. Ng'ombe wa mafisa si wako. Umekabidhiwa umchunge, maziwa na samadi ndiyo haki yako. Akifa, mwenyewe huletewa ngozi aione alama ya sikio, ajue hukumuuza.

Naye alikuwa na ng'ombe saba wa mafisa, kwa mjomba wake.

Alirudi mbio. Sitali alikuwa amekaa chini, amevaa shati la mikono mirefu katika joto lile.

"Mjomba, ng'ombe wangu wako wapi?"

"Wapo malishoni, mpwa wangu."

"Wote saba?"

Sitali akaiangalia miguu yake.

"Namakau alikuwa analala wapi?"

Mufalali akaazima glavu za nesi, akaingia ndani, akainua mkeka wa watoto. Chini yake palitandazwa ngozi nyekundu yenye baka jeupe. Sikio moja lilikuwa bado linaning'inia, limepasuliwa kama mkia wa mbayuwayu.

Alama ya ng'ombe aliorithi kwa marehemu baba yake.

"Nani alikusaidia?" aliuliza alipotoka.

"Peke yangu." Sitali alikunja mkono wa shati. Kifundoni palikuwa na kidonda cheusi, kidogo.

"Hamkukatazwa kuligusa lile shimo?"

"Tulikatazwa. Kwa kipaza sauti."

"Kwa nini basi, mjomba?"

"Mwaka juzi ndama alipoliwa na mamba, ulisemaje?"

Mufalali akaanza kuvua glavu.

"Ulisema mbele ya mke wangu na shemeji zangu, 'Mamba gani huyo anayekula hadi ngozi? Safari nyingine nataka ngozi, la sivyo nitajua umeuza.' Mpaka leo shemeji zangu wananiita Mamba. Ningekupigia simu nikwambie serikali imemzika ng'ombe wako, ungeniamini?"

Mufalali alitaka kusema ndiyo.

"Niliificha hapo nikusubiri. Nilipotaka kuihamisha, Namakau akasema, 'Baba, iache, pana joto.'"

"Afande," nesi aliita kutoka mlangoni. Alikuwa amembeba mdogo wake Namakau. Nyuma ya sikio la mtoto palikuwa na kipele chenye maji. Mtoto alikuwa anacheka. Hakimuumi.

"Mchome sindano."

"Sindano zangu zimeishia kwa dada yake."

Mufalali akaita mjini kwa redio. Maji yalikuwa yameshafunika barabara yote ya bondeni. Boti ipo, wakasema, lakini mpaka kesho kutwa.

Mama mtu akampokea mwanawe, akampa ziwa.

Mufalali akafungua daftari la maelezo. Mtuhumiwa: Sitali. Kilichoibwa: ngozi moja ya ng'ombe. Mwenye mali:

Akaandika jina lake mwenyewe.