Uji wa Kibonge

Haki ya Mungu, wajukuu zangu, haya ni kweli tupu. Chumvi sijatia hata punje.

Palikuwa na msichana aliyeitwa Upepo kwa mbio zake. Kila alasiri mama yake akiwa kazini kwenye cherehani, Upepo ndiye aliyemlisha mdogo wake, Kibonge, aliyepata jina hilo kwa kuzaliwa mnono.

Kibonge alikula kwa maringo: kijiko, kicheko, kijiko, miayo. Nje kamba ya kuruka inazunguka, wenzake Upepo wanaita, "Upepo, unaatamia mayai humo?" Basi Upepo akaanza kuuongeza uji maji, mtoto anywe kwa kikombe, gudugudu, naye huyoo, mbio. Uji ulikuwa mwepesi hata nzi akitumbukia anaogelea chali akipiga mluzi.

Siku moja mhudumu wa afya wa mtaa akaja na ubao wake wa kupimia urefu. Akamlaza Kibonge, akamnyoosha magoti, akapima, akarudia.

"Mama Upepo, hajarefuka tangu nilipokuja mara ya mwisho."

"Dada, uji nampikia mzito. Karanga natia, yai natia." Sauti ya mama ikakatika. "Au amemfuata baba yake kwa ufupi?"

"Baba tusimsingizie kwanza."

Upepo akamwona mama akijifuta machozi kwa mtandio.

"Ni mimi," akasema. "Natia maji, amalize upesi."

Mhudumu hakufoka. Alichota uji wa kikombeni, akainamisha kijiko, ukamwagika wote. Akachota wa sufuriani, ukang'ang'ania kijikoni. "Tumbo lake ni dogo, mwanangu. Ukilijaza maji, chakula kikae wapi?"

Mama akamvuta Upepo kifuani. "Nami nilikutwika mzigo bila kukuelekeza."

"Kamba ihamie hapa mlangoni," mhudumu akasema. "Mlishe huku mkicheza."

Ikawa hivyo. Kila mtu akiruka, Kibonge anacheka, kijiko kinaingia. Baada ya miezi miwili alikuwa amerefuka hata kichwa kikatoboa paa.

"Paa, babu?" Kumbe nikiwasimulia, mhudumu mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Basi, dari."

"Sentimita mbili na ushee. Nilipima mimi." Akawageukia wajukuu zangu. "Mimi napita mara mojamoja tu, nyinyi ndio mnaoshinda na wadogo zenu. Kama Upepo angeficha, ubao wangu ungefaa nini? Semeni kweli mapema, tuwasaidie wakue."

Kisha akaninyooshea kikapu. "Faini ya chumvi, babu. Mayai ya watoto wa mtaa."

"Mangapi?"

"Kwa paa zima? Yote."

Nikaingia banda la kuku, nikayatoa.