Dakika ya Sixten

Jumatatu, saa nne kamili asubuhi, mshale uliganda katikati ya kioo cha kompyuta ya Vendela. Akasukuma kipanya, wapi. Feni zikanyamaza. Chumba kikanuka kahawa iliyoungua, ingawa jiko la ofisi lilikuwa nyuma ya milango miwili. Dakika moja baadaye kioo kikawa cheusi, kisha kikarudi na ujumbe mdogo: programu inayoendesha kadi ya michoro iliacha kuitika, sasa imerejea.

Vendela akasonya. Ijumaa alitakiwa kuonyesha mchoro wa maktaba mpya mbele ya baraza la mji. Ukikubaliwa, jina lake litachongwa ukutani mwa maktaba, naye atakuwa mkuu wa ofisi.

Lakini maktaba ile hakuichora yeye. Aliichora Sixten, mzee mpole wa meza ya dirishani, aliyefariki ghafla mwezi wa Januari. Wenzake walimwashia mshumaa kwenye meza ya kahawa ya saa nne, wakasimama kimya dakika moja, kama ilivyo desturi yao. Vendela hakuwepo. Alikuwa amekwisha kunakili michoro ya marehemu na kufuta jina lake, na wenzake walipokuwa wameinamisha vichwa, yeye alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya dirishani na bisibisi, akichomoa kwenye kompyuta ya Sixten kadi ya michoro, kile kifaa kinachotoa picha kwenye kioo, iliyokuwa na nguvu kuliko zote ofisini, ili aifunge kwenye yake.

Jumanne kompyuta iliganda dakika mbili. Vendela akafuta programu ya kadi, akaweka mpya. Akaweka ya zamani. Akapuliza vumbi, akabadilisha waya wa umeme. Jumatano ikaganda dakika tatu, na kwenye ngazi za maktaba, ndani ya picha, akamwona mtu ambaye hakuchorwa na yeyote, amesimama, amempa mgongo.

Akamwita Jorma, fundi wa kompyuta, Mfini mnene mwenye masihara.

"Umeweka programu mpya?"

"Mpya, ya zamani, na ya katikati."

"Joto la kadi?"

"Digrii arobaini."

"Mbona kahawa yenu huwa baridi kuliko hapo!" Jorma akacheka, akafungua ubavu wa mashine. Kicheko kikakatika. "Hii kadi niliifunga mimi kwa Sixten. Mwandiko wangu huu hapa. Nani kaitoa?"

"Ilikaa bure tu."

"Lini, Vendela?"

Harufu ya kahawa iliyoungua ikapanda. "Januari. Mlikuwa kwenye kahawa," Vendela akasema.

"Siku ya mshumaa," Jorma akanong'ona. "Kumbe! Sisi tulidhani umejifungia chooni unalia. Tukakuonea huruma, dada."

"Punguza sauti."

"Bibi yangu hakuogopa kitu ila maiti aliyenyimwa kimya chake. Alisema huja kukichukua mwenyewe. Rudisha kadi. Rudisha jina lake. Kisha usimame dakika yako."

"Kadi chukua. Jina siwezi."

"Basi hujarudisha kitu."

Alhamisi, na kadi mpya kabisa, saa nne ilipita bila kompyuta kuganda. Vendela akatabasamu. Mara akamwona Tyra wa mapokezi amemshika bega, uso umempauka.

"We Vendela! Nimekuita mpaka nimechoka. Macho wazi, huitiki!"

Vendela akatazama saa ya ukutani. Saa nne na dakika nne.

Ijumaa baraza lilijaa, Jorma akiwa pembeni kuangalia mitambo. Vendela akasimama mbele ya picha kubwa ya maktaba, akafungua kinywa aseme, na saa nne ikagonga, na ulimi ukakauka mahali pake, na kifua kikasimama katikati ya pumzi, na macho yake yasiyoweza kufumba yakamwona yule mtu wa kwenye ngazi akigeuka taratibu, akishuka kipandio kimoja kimoja huku uso wake ukizidi kuwa mkubwa, mpaka ukajaa picha nzima, Sixten, anamtazama bila kusema neno, huku wajumbe wakipiga kelele na Jorma akimtikisa na midomo ya Vendela ikigeuka rangi ya wino.

Dakika ya tano ilipoisha, hewa ikamwingia kwa kishindo. Akaanguka. Kwenye picha hapakuwa na mtu. Kulikuwa na ngazi tupu.

Mwenyekiti, mama mwenye nywele nyeupe, alimletea maji mwenyewe. "Pole, mwanangu. Tupumzike kwanza. Nambie tu, kazi nzuri hii kachora nani?"

Jorma alimshika mkono. "Sema, Vendela. Nakuomba, sema."

Vendela akautazama ukuta mweupe wa maktaba kwenye picha, mahali pa kuchongwa jina.

"Mimi," akasema.

Feni zote ukumbini zikanyamaza. Harufu ya kahawa iliyoungua ikatanda. Jorma akauachia mkono wake, akarudi nyuma hatua mbili.

"Kesho ni dakika sita," akasema.