Mti Uliopewa Jina la Hulda

Harufu ilianzia kwenye kola ya shati. Hulda alikuwa anafua uani kwao Makambako, akaisikia: tamu, nzito, ya mwanamke anayejua anachokitafuta. Filbert, mumewe, mtafiti wa mimea, alikuwa ametoka msituni kule Njombe. Msitu gani huo unaojipulizia manukato? Kwa wivu Hulda akaliacha shati kwenye povu, akamfuata ndani.

"Ni maua tu," Filbert alijitetea, akimwonyesha matawi aliyoyabana katikati ya magazeti ili yakauke. "Mti mpya, mke wangu. Hakuna mtaalamu aliyewahi kuuandika. Nimeupa jina lako."

Hulda akalainika. Nani asingelainika? Jina lilipochapishwa kwenye jarida la wataalamu, alitamba nalo sokoni na kanisani.

Wiki hiyohiyo maua makavu yakaanza kunukia upya. Mchana kweupe, ukungu ukiwa umefika mlangoni, Hulda alisikia magazeti yakipekuliwa chumbani, na alipoingia hakukuta mtu, ila kanga yake ya harusi imetandazwa sakafuni imelowa umande, na ndani ya kioo, pale alipopaswa kujiona mwenyewe, amesimama mwanamke mrefu mwenye chavua kwenye kope, anachana nywele kwa kitana cha Hulda, taratibu, kama mwenye nyumba.

Hulda akamwita shangazi yake, Oktavia wa Uwemba, anayejua mambo ya misitu. Shangazi akanusa, akabaki mlangoni pa chumba.

"Kamwene, mwenye msitu," alisalimia kwa kunong'ona. Kisha akamgeukia Filbert. "Uliomba ruhusa kabla ya kukata?"

"Nilikuwa na kibali cha ofisi, shangazi."

"Cha ofisi! Jini wa mti huu ana wivu, mwanangu. Umempa jina la mkeo, sasa anataka na vyote mkeo alivyobaki navyo. Lifute."

"Haiwezekani. Jina likishachapishwa halifutwi. Ndiyo sheria yetu."

Shangazi akaamuru matawi yote yarudishwe msituni, yakarudishwa, na harufu ikaisha. Hulda akapumua.

Jioni moja walikuwa mezani, wanakula viazi.

"Hulda, niongezee chai," Filbert alisema bila kuinua kichwa.

Mdomo wa Hulda ulikuwa umejaa kiazi.

"Abee, mume wangu," sauti laini ikaitika kutoka chumba kitupu.

Hulda alimtazama mumewe. Filbert alikuwa ameshageukia kule kwenye sauti, na alikuwa anatabasamu.