Uzi Ulipopanda Bei

Kila alasiri, akishavua sare ya shule na kunawa mikono, binti wa fundi alikaa chini karibu na mashine ya kufumia ya mama yake na kuanza kukata nyuzi zilizoning'inia. Mikono ilipaswa kuwa safi, kwa sababu sufu hushika uchafu upesi. Mama alisukuma mkono wa mashine kushoto na kulia, kra, kra, na kipande cha sweta kikashuka kidogo kidogo kama ulimi. Kando ya dirisha ilikuwepo mashine ya pili, ndogo, ya kuunganishia mabega na mikono. Mafundi wengi wa mtaa ule hawakuwa na mashine hiyo. Wao waliunganisha kwa sindano ya mkono.

Baridi ilikuwa inakaribia, na mama alikuwa na oda kubwa kuliko zote alizowahi kupata: sweta themanini za shule ya jirani, zote za rangi ya damu ya mzee. Bei walikubaliana na mwalimu mkuu tangu muhula ulipoanza, na wazazi walikwisha kulipa. Mama alipewa nusu ya fedha mapema. Alinunua koni za uzi za kutosha sweta arobaini, na zilizobaki akanunulia sindano mpya za mashine. Uzi mwingine angeununua baadaye. Ndivyo mafundi wa pale walivyozoea: uzi ukiisha, unakwenda dukani kuongeza.

Siku uzi ulipoisha, mama alirudi kutoka dukani mikono mitupu.

"Uzi uko wapi, Mama?"

"Uko dukani. Umepanda bei karibu theluthi."

"Uzi uleule?"

"Uleule. Koni ileile, rangi ileile." Mama alikaa, akavua viatu. "Nikinunua kwa bei hiyo, oda yote itaishia kwenye uzi. Sisi tutakula hewa."

Duka hilo lilikuwa la baba yake Twiga. Twiga, aliyepewa jina hilo kwa urefu wa shingo yake, alikaa dawati moja na binti wa fundi. Kesho yake darasani alimtania kama kawaida.

"Fundi Mdogo, mbona umenuna? Umemeza sindano?"

"Muulize baba yako. Uzi ule aliokuwa nao rafuni tangu zamani, sasa anatuuzia kwa bei mpya. Baba yako mwizi."

Alisema kwa sauti. Darasa zima likageuka. Mvulana mmoja akadakia kwamba hata mama yake amelalamika. Mwingine akaanza kuimba, "Mwizi wa nyuzi! Mwizi wa nyuzi!" na madawati yakapigwa kama ngoma. Twiga alichukua mkoba wake, akahamia dawati la mwisho.

Binti alipofika nyumbani, mama alikuwa ametoka kwa mwalimu mkuu kuomba nyongeza. Mwalimu mkuu alimpokea vizuri, akamkatalia vizuri. "Fundi, nakuelewa," alimwambia, "lakini wazazi wamelipa bei tuliyokubaliana. Nikawaambie nini?"

"Basi tutumie uzi mwembamba," binti alisema. "Kwa macho hakuna atakayejua."

"Mtoto atakayeivaa asubuhi ya baridi atajua," mama alijibu. "Nilisema sweta nzito. Nitafuma nzito."

Jumamosi, mama aliuza ile mashine ndogo kwa fundi wa mtaa wa pili. Wanaume wawili waliibeba, wakaipitisha mlangoni kwa shida. Mama alisimama akiangalia pale ilipokuwa, kisha akachukua ufagio, akafagia vumbi lililobaki.

Walikwenda dukani pamoja. Mlangoni mtu alikuwa ameandika kwa chaki, herufi kubwa: MWIZI WA NYUZI. Twiga alikuwa akisugua kwa kitambaa kibichi, na chaki ikazidi kutapakaa. Hakuinua macho.

"Nani kafanya hivi?" mama aliuliza.

Binti hakuwa ameandika, lakini neno lilikuwa lake. Alipoingia ndani alimwamkia muuza nyuzi, baba yake Twiga, kisha akasema, "Mzee, sikuandika mimi. Lakini mimi ndiye niliyeanza kusema shuleni."

Muuza nyuzi alipanga koni tatu, akazipangua, akazipanga tena.

"Njoo uone," alisema hatimaye, akamwonyesha rafu iliyokuwa tupu nusu. "Uzi huu unatoka nje. Kiwanda cha huko hakipokei pesa yetu, kinataka dola. Kwa hiyo kwanza nanunua dola, halafu dola ndiyo inayonunua uzi. Mwanzo wa mwaka dola moja niliinunua kwa mia moja. Leo ni mia na thelathini. Kiwanda hakijaongeza hata senti. Nimepeleka pesa zangu zilezile zilizokuwa zikinunua marobota kumi, na safari hii hata manane hayakufika."

"Nani amepandisha dola?"

"Hakuna mtu mmoja. Dola huingia tukiuza mazao nje, au wageni wakija, au ndugu zetu walioko huko wakituma. Mwaka huu mvua imekuwa haba, tumeuza kidogo, zimeingia chache. Lakini tunaozitaka hatujapungua. Mwenye mafuta ya magari anazitaka, mwenye dawa anazitaka, na mimi nazitaka. Wenye nazo wakiona zinapanda, wanazifungia wakingoja zipande zaidi. Ni kama nyanya sokoni zikiwa chache."

"Na ule uzi wa zamani?" binti aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni kweli, niliuuza kwa bei mpya. Ningeuuza kwa ya zamani, nisingeweza kununua mwingine. Ningefunga duka."

"Zitashuka, kaka?" mama aliuliza.

"Huenda, dada yangu. Mvua ikinyesha. Ya kesho hata wa benki hayajui."

Mama alilipa kwa fedha ya mashine. Alichukua koni zote alizohitaji.

Jumatatu binti alisimama mbele ya darasa, akaeleza kwamba muuza nyuzi hakumwibia mtu. Wengine walisikiliza, wengine walicheka. Wakati wa mapumziko alimfuata Twiga kwenye dawati la mwisho.

"Baba amekusamehe," Twiga alisema. "Mimi bado."

Mama alifuma, na binti akaunganisha mabega kwa sindano ya mkono mpaka vidole vikaota sugu. Sweta themanini zilifika shuleni siku iliyoahidiwa. Mwalimu mkuu alizivuta, akazigeuza, akamaliza malipo. Baada ya kulipa madeni ya chakula, kilichobaki kilitosha kodi ya chumba tu.

Njiani kurudi, mama alipunguza mwendo.

"Kosa langu nalijua," alisema. "Niliahidi bei ya kitu ambacho sikuwa nacho mkononi. Nikipata oda tena, fedha nikipokea leo, uzi wote nanunua leo. Kosa lako ni jingine. Tulipata hasara, ukatafuta wa kumlaumu, ukamchukua aliye karibu. Dola haina mlango wa kuandikwa chaki. Yule mzee anao. Bei ikipanda, mwanangu, muulize muuzaji yeye amenunua kwa ngapi, kabla hujampa jina."

"Nimeelewa, Mama. Na Twiga?"

"Twiga ana haki ya kukasirika. Mwamkie kila siku, asipoitikia usinung'unike."

Asubuhi iliyofuata binti alimwamkia. Twiga hakuitikia. Binti akakaa kwenye dawati lake, akafungua daftari, na hakunung'unika.