Nilichonga Santuri Sitini za Kisasi

Nilifungua mlango wa chumba cha mazoezi, nikakuta mwanamke amesimama kwenye maiki yangu... anaimba wimbo niliomtungia marehemu mama yangu!

Mvua ya mji wetu wa Dunedin imenilowesha hadi soksi. Mkononi nimebeba mikate ya jibini, bado ya moto, ya bendi nzima. Jamani, kumbe nilikuwa nalisha nyoka!

"Merren!" Lachie akashtuka. "Hukupata ujumbe wangu?"

"Ujumbe gani?"

"Umetolewa kwenye bendi. Huyu ni Tamsin. Ndiye atakayeimba."

Lachie ndiye mpiga gitaa wetu, ndiye mwenye lebo yetu ndogo ya kutoa muziki wa roki, na hadi asubuhi ile nilidhani ndiye mume wangu mtarajiwa.

"Na nyimbo zangu?"

"Zetu, Mer. Nimeandika jina langu tu, mambo yaende haraka."

Hebu niambieni mnaosoma... mngefanya nini? Halafu jamaa akaongeza, bila hata haya:

"Ila santuri utatuchongea, eh? Uzinduzi ni Jumamosi."

Niwaeleze. Lebo za saizi yetu hazipeleki santuri kiwandani. Zinachongwa moja moja kwa mashine, huku wimbo ukipigwa mwanzo hadi mwisho. Na mji mzima, mwenye mashine hiyo gereji kwake ni mimi.

Nikatabasamu. "Bila shaka, bosi. Zitatoka sitini, kali balaa!"

Kazi yetu ina sharti moja. Santuri ya kwanza, mwenye lebo lazima aisikilize yote, mbele na nyuma, ndipo aweke sahihi. Miaka sita namjua Lachie, hajawahi kugeuza hata moja! Anasikia nyimbo mbili, analichekelea gitaa lake, basi.

Jumatano akaja gereji. Nyimbo mbili, kama kawaida.

"Aisee, gitaa linalia hilo! Zichonge zote."

"Na upande wa pili?"

"Una nini? Si nimerekodi mwenyewe?"

"Haya, sahihi hapa."

Akaweka, akaondoka na ile ya kwanza!

Upande wa pili nilikuwa nimechonga kanda yangu ya zamani, niliyorekodi jikoni kwetu, birika likichemka nyuma. Naanza kwa kusema, "Huu ni wa mama." Naimba. Mwishoni anasikika Lachie mwenyewe: "Umetunga peke yako, Mer? Mimi nisingeweza hata mstari mmoja!"

Sikutosheka. Karibu na tundu la katikati, pale ambapo sisi wachongaji huacha maneno madogo kwa sindano, nikaandika: TAMSIN, MWIZI WA SAUTI.

Mara sitini. Na kila mara moyo wangu uliburudika!

Jumamosi mchana, duka la santuri la mama Noeline likafurika. Bendi ikapiga nyimbo tatu, watu wakazigombania kopi. Mimi nimejibanza mlangoni, nikisubiri wafike nazo makwao wakute mambo.

Mara Tamsin akashika maiki.

"Mama Noeline, tuwekee santuri. Anza na upande wa pili."

Moyo ukanilipuka paa!

Birika likachemka duka zima. Kisha sauti yangu. Kisha ya Lachie... "nisingeweza hata mstari mmoja!"

Mtu mmoja nyuma akacheka. Halafu wote.

"Zima! Imechezewa hiyo!" Lachie akapiga kelele.

Nikatoka mlangoni na karatasi yangu. "Imechezewa vipi, bosi? Si umeisikiliza? Sahihi yako hii hapa!"

Mama Noeline akakunja mikono. "Lachie, toka dukani kwangu. Na rafu ya lebo yako naisafisha leo leo."

Mpiga ngoma wake mwenyewe akamfungulia mlango!

Nikamgeukia Tamsin, nikingoja alie. Akanijia na kopi yake.

"Hii Lachie alinipa Alhamisi. Mimi nasikiliza kila kitu, dada. Aliniambia umeacha muziki, umetoa na baraka zako. Niliposikia lile birika, nililia. Nimekuja leo kukurudishia wimbo wa mama yako."

Akaweka kidole karibu na tundu la katikati.

"Halafu nikasoma hapa."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Akanikabidhi maiki, akatoka kwenye mvua. Nikaimba wimbo wa mama, na watu wakadhani nalia kwa furaha ya ushindi.

Lachie nilimpa stahili yake, na sijutii hata chembe! Ila nawaambia, kabla hujamwandika mtu jina kwenye kisasi chako, mwulize japo swali moja. Mimi Tamsin sikumwuliza lolote.

Maneno yale hayafutiki. Sasa napita nyumba kwa nyumba nazitafuta zile santuri, niwachongee wenyewe nyingine zisizo na jina lake. Nimepata ishirini na tatu.

Kama unayo moja... tafadhali, nirudishie.