Waya wa Tatu

Kila asubuhi Kemilembe aliteka maji kisimani na kuyapeleka jikoni misheni. Mama yake alikuwa amelazwa hospitali huko Bukoba, ndiyo maana msichana huyu wa miaka kumi na miwili akaletwa Kimwani kwa shangazi yake Felicitas, mpishi wa misheni. Shuleni walimwita "wa mjini", na hawakumwita kucheza. Upweke wa namna hiyo, jamani, unachosha kuliko ndoo ya maji.

Wiki moja ya mwaka 1957 ilikuja karavani, nyumba ya bati yenye magurudumu, ikiwa na nesi Theopista na friji la dawa za chanjo. Friji lilitaka umeme wa jenereta ya misheni. Plagi ya karavani ilikuwa na meno matatu, lakini barazani pa misheni hapakuwa na soketi, ila taa tu. Byabato, dereva, hakujisumbua. Alitoa balbu, akachomeka pale adapta, kiunganishi cha nyaya mbili tu, na waya wa tatu wa karavani akauacha ukining'inia. Friji likanguruma, naye akatembea kwa maringo kutwa nzima.

Usiku mvua ilinyesha. Asubuhi Kemilembe alipeleka maji kwenye karavani. Alipogusa mpini wa mlango, mkono ulitetemeka hadi begani, ndoo ikaanguka.

"Shangazi, mlango ule unauma."

"Kwani mlango ni mbwa?" Felicitas aliugusa, miguuni amevaa mabuti ya mpira. Hakusikia kitu. Byabato naye akagusa, na viatu vyake vya soli nene, akacheka.

"Anadeka tu huyu. Kateke maji mengine," shangazi akasema.

Kemilembe alikwenda akilia. Hakuwa na mtu wa kumwambia. Njiani alipishana na akina mama waliokuwa wakipeleka watoto kuchanjwa, wote pekupeku, na ngazi ya karavani ilikuwa ya chuma. Aliogopa kuitwa mwongo mara ya pili, tena mbele ya watu. Hata hivyo aliiacha ndoo akarudi mbio, akasimama mbele ya ngazi.

"Msipande!"

"Toka hapo, unanitia aibu," Felicitas alifoka.

Nesi Theopista alikuwa anatoka chumba cha wageni. "Umesikia nini, mwanangu?"

Kemilembe alijibu kwa neno la heshima la Kihaya, "Kama siafu mkono mzima, waitu. Wao wamevaa viatu, hawasikii."

Nesi alitazama miguu ya yule mtoto, mitupu na yenye tope, kisha akamgeukia Byabato. "Zima jenereta. Asiguse mtu."

Fundi wa misheni alikuta ndani ya karavani waya uliochubuka ukigusa bati. Waya wa tatu ndio ungepeleka ardhini umeme uliovuja. Bila huo, karavani nzima ilikuwa na umeme. Aliitupa ile adapta, akatengeneza waya, akafunga soketi ya matundu matatu yenye waya wa kwenda ardhini.

"Nilitaka friji liwake tu," Byabato alisema akitazama chini. "Nisamehe, binti." Felicitas aliifuata ndoo njiani. Alikwenda kisimani mwenyewe.

"Kifaa kuwaka si kuwa salama," Nesi aliwaambia wote. "Na umeme haupimwi kwa mkono. Wewe Kemilembe, ukiijua kweli iseme, hata ukibaki peke yako kama leo."

"Nimezoea kubaki peke yangu," Kemilembe alijibu.

Nesi akasogeza kiti cha pili karibu na chake. "Kaa hapa nami. Watoto wataogopa sindano. Wewe utawashika mikono."